Mke wa Kwanza Hakufa Hotelini

Fundi cherehani alikuwa akimtahini mama yake kwa siri, na mtihani wenyewe ulikuwa tamthilia ya saa moja jioni. Kipindi kikiisha tu, huku akikunja nguo za wateja, alitupia swali kana kwamba limemponyoka: "Hivi mama, yule mke wa kwanza wa mwenye hoteli alikufaje vile?" Mama akikosea, fundi alisubiri aende kunawa, kisha akachora mstari kwa chaki ya kukatia nguo ndani ya mlango wa kabati. Miezi miwili, mistari kumi na mmoja.

Hakuwa akicheza. Mara mbili mama alikuwa ameacha jiko linawaka, sufuria tupu juu yake. Mdogo wake fundi, karani katika mji mwingine, alisema bila kuzunguka: kumbukumbu za mama zikianza kupotea, atakuja kumchukua, maana kwake kuna mtu anayeshinda nyumbani. Jumamosi angekuja kusikia jibu. Fundi hakutaka mama aondoke. Lakini kila aliposikia watu wakikimbia barabarani, akiwa kibandani kwake na nguo ya mtu chini ya sindano, alidhani nyumba yao inaungua.

Alhamisi tamthilia ilitimiza miaka ishirini. Jirani yao, muuza mboga, alikuja mapema na kigoda chake, amevaa nguo ya kutokea. Fundi naye siku hiyo aliacha cherehani, akakaa kwenye kochi kama mgeni.

Kipindi kikaanza. Mwenye hoteli, nywele zote nyeupe, alikuwa peke yake mezani akitazama picha za zamani. Kila picha aliyoigusa iligeuka tukio la miaka ile. Mara akaingia mke wa kwanza, kijana, anacheka.

"Huyo karudi," mama akasema kwa utulivu.

Fundi akamgeukia. "Mama, huyo alikufa. Aliungua hoteli ilipochomwa."

"Hakuungua. Alipanda basi."

"Nyote mnaota," muuza mboga akadakia. "Aliugua kifua. Siku ile nililia mpaka mboga zikaninyaukia."

"Mboga zako zilinyauka kabla hujalia," mama akamwambia.

Kwenye televisheni mke wa kwanza alikuwa amebeba sanduku. Akapanda basi, akakaa dirishani, basi likaondoka. Hoteli ikaungua baada ya hapo, na aliyekuwa akipiga mayowe ndani alikuwa dada wa mpishi.

Fundi aliyakumbuka mayowe yale vizuri sana. Sura ndiyo hakuikumbuka, maana hakuwahi kuiona. Miaka yote ishirini cherehani yake ilielekea ukutani, chini ya taa, naye tamthilia aliifuata kwa masikio, mgongo kwa televisheni, mguu unakanyaga. Maneno yaliyomezwa na kelele za cherehani aliyajazia mwenyewe. Aliyekuwa akitazama ni mama.

Muuza mboga alipoondoka, bado akibisha mpaka mlangoni, fundi akafungua kabati. Swali la mke wa kwanza alikuwa ameliuliza mara tatu, labda nne. Lakini mistari yote ilifanana. Akafuta mmoja, akaurudisha.

Kesho yake kibandani akadhani wateja watamsaidia.

"Wametudanganya wale," mke wa kinyozi akasema. "Wamerekodi upya. Basi lenyewe hukuona lilivyong'aa? Miaka ishirini iliyopita nani alikuwa na basi kama lile?"

"Yule si mke wa kwanza," mwalimu akasema, mikono juu, akipimwa gauni. "Ni pacha wake."

"Alikuwa na pacha?"

"Fundi, wewe unatazama tamthilia gani?"

Fundi alimpima mwalimu kiuno mara mbili, akapata vipimo viwili.

Jioni ile wakakaa kula. Akaona heri aseme. "Mama, nisamehe. Yale maswali ninayokuuliza kila siku, nilikuwa nakupima kichwa."

Mama akaacha kutafuna. Akamtazama kwa huruma iliyomtisha fundi kuliko hasira.

"Unanipima mimi?"

"Jiko lilinitia wasiwasi."

"Mwanangu, kila siku kipindi kikiisha unaniuliza kilichotoka kupita sasa hivi. Nani kamuoa nani, nani kafa vipi. Nikikujibu, unabisha. Nikasema, basi, mtoto wangu ameanza kusahau na bado hajawa mzee." Akamsogezea maji. "Nilimpigia mdogo wako tangu mwezi uliopita. Nikamwambia asikwambie, usije ukaumia."

Fundi akasogeza sahani. Kisha akachukua simu, akampigia karani.

"Dada," karani akasema kwa sauti ya polepole, kama anaongea na mgonjwa. "Unaendeleaje?"

"Nilikosea kuhusu mama. Mimi ndiye ambaye sikuona."

"Ndiyo, ndiyo. Usijali."

"Nasema majibu yake mengine yalikuwa sahihi. Sijui ni mangapi. Kwa hiyo usimchukue, sikia, usimchukue mpaka nijue."

"Kesho nakuja na gari," karani akasema. "Fungasheni nguo kidogo."

"Za nani?"

"Tutaongea nikifika," akasema, akakata simu.

Mama alikuwa tayari chumbani. Fundi alimsikia akivuta sanduku kutoka uvunguni, kisha akauliza kutoka humo humo, "Mwanangu, sweta lako la kijivu liko wapi?"