Bushi Nane za Kiwanda cha Miwati

Karakana niliyoifanyia kazi miaka sita ilikuwa nyuma ya barabara kuu ya Eldoret, mji ambao sisi wafanyakazi tuliuita Sisibo. Lilikuwa jengo la mabati, na baridi yake haikutoka hadi saa nne asubuhi. Mwenyewe alikuwa Kalasinga wa makamo, mtu wa maneno machache, aliyefunga ndevu zake kwa wavu zisije zikanaswa na mikanda ya mashine. Kazi yetu ilikuwa kukereza shaba, yaani kuizungusha kwenye mashine na kuichonga kwa kisu. Watu wakisikia hivyo hudhani tulitengeneza bangili. Tulitengeneza vitu ambavyo hakuna anayeviona: bushi ambazo mhimili huzunguka ndani yake, valvu, koki na pete za pampu, kila kimoja kwa agizo la mwenye kiwanda au mwenye shamba. Ilikuwa miaka ya vita vya Hitler, na meli zilikuwa na shughuli nyingine kuliko kutuletea spea. Kitu kikiharibika kwenye kiwanda cha siagi au kwenye mashine ya mbao kule msituni, kililetwa kwetu kimefungwa gazetini, na aliyekileta akasema tutengeneze kingine kama hicho.

Shaba haikatiki kama chuma. Chuma hutoka kwenye kisu kwa nyuzi ndefu zinazojikunja, lakini shaba hupasuka vipande vidogo vinavyoruka kila upande. Viliingia kwenye kola, masikioni, na mara nyingi kwenye uji wetu. Nikirudi nyumbani kwa likizo mke wangu alivikuta kwenye blanketi na kuniuliza kama nalala na nungunungu. Nilikuwa mtu mzima wa watoto wawili nilipotoka kwetu, upande wa Kakamega, kuja kutafuta kazi huku nyanda za juu. Niliandikwa mfagiaji.

Kuandikwa kulikuwa jambo zito siku hizo. Kila mwanamume Mwafrika alitembea na kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni. Mwajiri aliandika humo tarehe uliyoanza, kazi uliyopewa, na siku ya kuondoka akatia sahihi kwamba amekuachilia. Bila sahihi hiyo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukuajiri, na ukijiondokea mwenyewe ulikuwa mtoro wa kufungwa jela. Mstari wangu ulisema mimi ni mfagiaji. Sikujua kusoma Kiingereza, lakini neno hilo nilikuwa nimesomewa mara nyingi hata nikalijua kwa sura yake.

Nilifagia mwaka mmoja na nusu. Kisha ndugu yake Kalasinga, ambaye ndiye aliyekuwa akishika mashine ya pili, alichukuliwa kwenye karakana za jeshi, na kazi ikalundikana. Mwenyewe aliniita siku moja, akanisimamisha mbele ya mashine ya ndugu yake, akanionyesha jinsi ya kubana shaba, jinsi ya kuleta kisu na jinsi ya kupima. Hakusema kwa nini amenichagua mimi. Baada ya miezi mitatu alikuwa ananiachia kazi bila kusimama nyuma yangu. Baada ya mwaka ningeweza kukwambia kwa kidole kama bushi imezidi unene wa unywele, na kipimo kikaja kusema vilevile. Nayasema haya bila aibu kwa sababu ni kweli.

Ila kulikuwa na desturi moja. Gari la Mzungu likisikika linaingia uani, mimi nilizima mashine yangu, nikachukua ufagio, na Kalasinga akahamia kwenye kazi niliyokuwa nikiifanya. Mzungu aliingia akamkuta fundi anakereza na boi anafagia, mambo yako sawa. Gari likiondoka tulirudi kila mtu mahali pake. Hatukuwahi kuizungumzia desturi hiyo. Nilimuuliza mara moja tu kwa nini asiwaambie, akanijibu kwa Kiswahili chake, "Yeye najua wewe nafanya, yeye nasema kazi mbaya, hata kama hapana shika bado."

Nilichotaka mimi ni neno moja tu kwenye kipande. Siku moja ya likizo nilikwenda karakana ya reli kuuliza kama wanahitaji mkerezaji, nikiwa na maana kwamba wakikubali nitaomba kuachiliwa. Karani alifungua kikebe changu, akasoma, akaniambia wafagiaji wametosha. Nilimweleza kazi niliyokuwa nikiifanya hasa. Aliniangalia vile mtu anavyomwangalia mlevi wa asubuhi. Niliporudi nikamwomba Kalasinga abadilishe lile neno, akakataa papo hapo. "Mimi naandika fundi, kesho Mzungu nachukua wewe." Nilimwomba tena mwaka uliofuata, na mwaka mwingine, na jibu likawa lile lile. Nilimheshimu kwa mikono yake, na kwa jambo hilo nilimchukia. Yote mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana.

Jambo jingine ambalo lazima lieleweke ni sheria yetu ya sampuli. Mwanzoni, nilipokuwa bado mgeni wa mashine, Kaburu mmoja mkulima wa ngano alileta bushi iliyokuwa na mfereji mdogo ndani, umepinda vibaya. Mimi nikadhani ni mkwaruzo. Nikamtengenezea mpya laini kabisa, bila mfereji. Kumbe ndio uliokuwa ukipitisha mafuta. Mashine yake ilishikana katikati ya mavuno. Kalasinga alinifokea juma zima, na tangu hapo akaweka sheria: sampuli inakopiwa yote, hata kama ina ubaya, na mkono wa fundi hauongezi wala haupunguzi kitu. "Sampuli ni bwana yako," aliniambia, na nikaishika kama amri ya kanisani.

Sasa, kiwanda cha miwati kilikuwa mteja wetu mkubwa. Walichemsha magome ya miti ya miwati kupata maji mazito mekundu ya kuivishia ngozi, na maji hayo yakigusa chuma yanageuka meusi, kwa hiyo pampu zao zilihitaji shaba. Injinia wao, Mzungu mrefu mwenye kikohozi, alileta bushi moja ya pampu. Alizungumza na Kalasinga mlangoni kwa Kiingereza huku mimi nikifagia. Alipoondoka Kalasinga aliniwekea bushi ile mezani. "Nane. Kama hii." Kisha akaenda Kisumu kwenye arusi ya binti wa ndugu yake, siku nne, akaniachia ufunguo.

Nilipoipima niliona tundu lake si duara. Lilikuwa limelala upande mmoja, kama yai. Nilifikiri kwamba limelika kwa kazi, maana shaba ikizungukiwa na mhimili miaka mingi huisha upande wenye uzito. Lakini nilikuwa nimewahi kufikiri hivyo hivyo kuhusu mfereji wa yule Kaburu. Nani aliniambia pampu ya maji ya magome inafanya kazi vipi? Niliigeuzageuza nusu siku. Hakukuwa na wa kumuuliza, na amri ilikuwa wazi. Tena, kwa kuwa naandika ukweli, kulikuwa na jambo lingine: mashine ya kukereza inatoa duara tu, na mimi nilitaka kuona kama naweza kuilazimisha itoe yai.

Niliweza. Nilitoboa duara kwanza, kisha nikalegeza taya moja ya kibanio kinachoshika shaba, nikakaza ile ya upande wa pili kidogo sana, nikatoboa tena, nikapima, nikaharibu mbili, nikaanza upya. Nane zilipokamilika zilikuwa zimefanana na sampuli na zimefanana zenyewe kwa zenyewe hata nisingeweza kuzitofautisha. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile, wala kazi iliyonipendeza zaidi. Dereva wa kiwanda alikuja kuzichukua siku ya tatu.

Injinia alirudi mwenyewe, siku moja baada ya Kalasinga kufika kutoka Kisumu. Gari lilipolia uani nilishika ufagio. Aliingia na gunia, akalimwaga mezani, bushi nane na ile ya zamani. Alisema kwa Kiswahili cha kisetla, nadhani ili aibu imfikie kila mtu, "Mimi nalipa mpya, wewe naletea mimi zee. Pampu naruka kama punda!"

Kalasinga alichukua moja, akaingiza kidole, akaelewa mara moja. Nilimwona. Hakunigeukia hata kidogo. Alisema, "Makosa yangu. Mimi natengeneza. Mimi iko gonjwa siku ile."

Alitaka kuniokoa. Nilijua hivyo pale pale, na watu niliowasimulia wote wameniambia ningepaswa kushukuru. Sikushukuru. Kwa miaka minne alikuwa amesimama mbele ya kila kazi yangu nzuri na kuipokea sifa yake, na nikanyamaza, na sasa alikuwa anachukua hata kosa langu. Nikaona kwamba hakuna kitu nitakachofanya humu ndani, kizuri wala kibaya, kitakachokuwa changu. Nikauegemeza ufagio ukutani.

"Bwana," nikasema, "si yeye. Alikuwa Kisumu. Bushi hizi nimezitengeneza mimi."

Injinia alimtazama Kalasinga. Kalasinga alitazama sakafu.

"Wewe? Wewe nafagia."

"Nafagia ukija, Bwana."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kusema vile. Injinia hakucheka. Alichukua bushi mbili, akazilinganisha, akachukua ya tatu. Akatoa kipimo chake mfukoni na kuzipima zote nane, pole pole, akikohoa. Kisha akauliza nimepataje yai. Nikaenda kwenye mashine, nikabana kipande cha shaba, nikamwonyesha taya ninavyozisogeza. Alisimama karibu nami mpaka nikamaliza. Alizungumza na Kalasinga kwa Kiingereza, maneno machache, akataka kuona kipande changu. Nilimpa. Alisoma, akamwekea Kalasinga kwenye kiganja, na akaniambia mimi, si yeye, "Nane ingine. Viringo. Wewe natengeneza." Akaondoka.

Kalasinga alizirudisha bushi ndani ya gunia. Kisha akauliza, "Wewe najua nafanya nini leo?"

"Nimesema kweli, Fundi."

"Kweli," akasema, na akaweka kipande changu kwenye droo yake. "Maliza nane kwanza."

Nilizimaliza kwa siku mbili. Zilikuwa kazi nyepesi, duara tupu, ambazo ningezifanya huku nikiongea. Magari mawili yaliingia siku hizo, na kila mara nilibaki kwenye mashine nikiendelea kukata, na Kalasinga hakuhama mahali pake. Zilipokwisha alizipima zote, akazifunga gazetini, akafungua droo na kunirudishia kikebe. "Nimeandika," alisema. Nilimshukuru, safari hii kwa moyo wangu wote, na akanipungia mkono niondoke mapema.

Sikwenda chumbani kwangu. Nilikwenda kwa mwalimu wa kanisa letu, mtu wa kwetu aliyesoma Kiingereza, nikamkuta anapalilia mahindi yake. Nilimpa karatasi nikamwomba asome polepole. Alijifuta mikono. Akasema lile neno la mfagiaji limekatwa kwa wino, na juu yake kumeandikwa mkerezaji wa shaba. Mstari ule ule, tarehe ile ile niliyoingia kazini miaka sita nyuma, kana kwamba nilikuwa mkerezaji tangu siku ya kwanza. Tabia, nzuri sana. Nilimwambia arudie, akarudia. Sikumbuki kama nimewahi kusikia maneno matamu hivyo.

"Na hapa mwisho," mwalimu akaendelea, "mwajiri wako ametia sahihi ya leo. Umeachiliwa kazi kwa ombi lako mwenyewe."

Nilimwuliza kama ana hakika. Alinionyesha mahali kwa kidole chenye udongo. Kisha akanipa mkono wa pongezi, akaniuliza kwa nini niliomba kuondoka kwa mtu aliyeniandika vizuri namna ile. Nikamwambia nimepata kazi kiwanda cha miwati. Sikuwa nimeipata bado, na sikuwa nimeomba kuondoka popote.