Masikio Baridi ya Sungura

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye taasisi ya utafiti wa dawa, na hakuwahi kuvaa koti jeupe hata siku moja. Lake lilikuwa la kijivu, lenye mfuko mpana mbele uliojaa vipande vya karoti. Alianza kwa kufagia korido. Mzee aliyetunza wanyama alipostaafu, wakubwa wakamwuliza kama anaogopa panya. Akasema yeye anaogopa watu tu. Wakacheka, wakampa ufunguo.

Nilikaa kwake wakati nasoma sekondari, ndiyo maana haya nayajua. Shule ikifungwa mapema nilimpitia kazini. Chumba cha wanyama kilikuwa nyuma ya jengo: vizimba vya chuma vimepangwa safu tatu, feni mbili, sinki, magunia ya chakula ukutani. Sungura walikuwa arobaini. Hakuwapa majina. Alisema ukimpa mnyama jina, siku ya kumtoa utajuta. Lakini ungemfumba macho angekwambia huyu ni namba saba na yule ni kumi na tisa, kwa namna wanavyotafuna.

Bosi wake alikuwa Daktari. Hakuwa daktari wa kutibu watu bali mkemia, mwanamke mwenye haraka, umri sawa na binti wa kwanza wa shangazi. Alikuwa anatengeneza kitu cha kushika nafasi ya damu. Shangazi alinieleza jikoni, kisu mkononi, anamenya viazi.

"Damu ya kuchangiwa inakaa kwenye friji wiki sita, ikipitiliza inamwagwa. Daktari anaiwahi ile inayotaka kumwagwa. Anazipasua zile chembe, anachuja, anabaki na himoglobini. Ndiyo ile nyekundu yenyewe, inayobeba hewa mwilini. Haichagui kundi la damu. Ikikubali, majeruhi yeyote anapewa palepale barabarani."

"Sasa si wawape tu watu, shangazi?"

"Wewe! Ikitoka nje ya chembe yake inakatika vipande viwili viwili, inakwenda kuumiza figo. Kwa hiyo Daktari anaifunga kwa kemikali, isikatike. Kila akibadilisha namna ya kufunga, tunawajaribia sungura."

Shemeji yake, mdogo wa mume wake, alipolisikia hilo hakuliachia. Akija pale nyumbani hapigi hodi ya kawaida. "Shemeji mumiani upo? Naingia, lakini shingo yangu nimeiacha kwangu."

"Ingia tu," shangazi anajibu. "Damu yako imejaa maneno, hata panya hatumpi."

Majaribio ya mwanzo yalikwenda vibaya. Sungura walikojoa mkojo mweusi kama kahawa, na wengine hawakufika jioni. Mwaka wa tatu Daktari akapata namna mpya ya kufunga. Sungura kumi walipunguzwa damu kidogo, wakarudishiwa ile dawa. Kumi wengine wakapewa maji ya chumvi, kwa kulinganisha. Mkojo ukatoka safi. Figo zikapimwa, ziko sawa. Hewa mwilini inatosha. Watu wa maabara walikumbatiana kwenye korido, na kamati ikapangiwa tarehe ya kuja kuamua kama dawa iende kujaribiwa kwa watu.

Shangazi ndiye aliyekuwa anawashika sungura wakati wa kutolewa damu, na damu ya sungura hutolewa sikioni. Siku ya pili baada ya majaribio fundi wa maabara akahangaika na sindano, mshipa hauonekani. Shangazi akalishika sikio. Lilikuwa jeupe na baridi. Akashika la jirani yake, baridi vilevile. Wa kizimba cha tatu, moto kama kawaida. Wale wa baridi, karoti zao za jana zilikuwa bado ziko palepale.

Akaenda kumwambia Daktari, akamkuta anaandika ripoti.

"Daktari, masikio yao yana baridi."

"Feni hizo, mama. Zizime."

"Feni zinawapuliza wote. Mbona wengine wana joto?"

"Mama, nina wiki mbili tu," Daktari alisema, macho kwenye kompyuta. "Tutaliangalia."

Nyumbani hakumaliza chakula. Mume wake, ambaye mtaa mzima na mke wake pia walimwita Fundi kwa sababu ya kazi yake ya mabomba, akamwuliza kulikoni. Akamweleza.

"Huko mwisho maji hayafiki," Fundi alisema bila hata kufikiri. "Bomba limebanwa. Na likibanwa huku, kule nyuma presha inapanda. Mpaka kitu kipasuke."

"Sungura si bomba, Fundi."

"Mimi nakwambia ninachokijua."

Shangazi akaniomba daftari, nikampa la hesabu lililobaki nusu. Kwa siku tano alishika masikio asubuhi na jioni, akaandika kwa mwandiko wake mkubwa: moto, vuguvugu, baridi. Akampelekea Daktari. Daktari alilisoma amesimama, kurasa zote, kisha akalifunga.

"Mama, sikatai. Lakini unajua nani kapewa nini. Kadi ziko kwenye milango ya vizimba. Ukishajua, mkono unahisi unachotaka kuhisi."

"Basi zitoe hizo kadi."

"Unasemaje?"

"Zitoe. Wahamishe vizimba mwenyewe, mimi nikae nje. Halafu niite."

Daktari akavua saa yake akaiweka mfukoni. Ilichukua karibu saa nzima kuwahamisha sungura ishirini. Alifunika namba zao za masikioni kwa plasta na kuziba milango ya vizimba kwa magazeti. Fundi wa maabara akatumwa kumwita shangazi, aliyekuwa amekaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Alipita kizimba kwa kizimba. Aliingiza mkono chini ya gazeti, akashika sikio, akasema, "Huyu kapewa dawa." "Huyu hapana." "Hapana." "Huyu kapewa, maskini, barafu kabisa." Kwa mmoja alikaa muda mrefu, akashika kushoto, akashika kulia. "Huyu sina hakika. Andika hapana."

Walipofungua magazeti, kati ya kumi waliopewa dawa alikuwa amewapata tisa. Yule wa kumi ndiye aliyemtia shaka. Kati ya waliopewa maji ya chumvi hakukosea hata mmoja.

Daktari alikaa juu ya gunia la chakula. "Presha hatukuwapima," alisema. "Kipimo cha wanyama hatuna, nikasema kitasubiri."

Kiliazimwa kwenye chuo cha mifugo. Presha ya wale tisa ilikuwa imepanda sana, na ya yule wa kumi ilikuwa imepanda kidogo. Ile himoglobini ilikuwa bado na vipande vidogo vingi. Vilijipenyeza kwenye kuta za mishipa na kunyonya gesi ambayo mwili huitumia kuilegeza, na mishipa ikajibana. Mtu aliyepoteza damu, kisha mishipa ibanwe na presha ipande, ungekuwa unamwongezea balaa.

Daktari mwenyewe aliiandikia kamati kwamba wasije. Kwa wiki tatu alipita chumba cha wanyama bila kutoa salamu, na shangazi hakumlazimisha. Siku moja akaingia, akafunga mlango, akasema, "Shikamoo, mama." Alikuwa hajawahi kumwamkia hivyo, alizoea "habari za kazi." Shangazi akaitikia marahaba, akamsogezea ndoo akae. Waliongea mpaka sungura wakaanza kugonga vyombo vyao kudai chakula.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya kuchuja. Daktari aliunganisha himoglobini kadhaa zikawa donge moja kubwa lisiloweza kupenya, vipande vidogo vikatolewa kwa mashine moja baada ya nyingine. Kila kundi la sungura, shangazi alishika masikio huku kadi zimefichwa. Hilo sasa liliingia kwenye utaratibu, na fomu ikachapishwa. Lile kundi la mwisho masikio yote yalikuwa moto, akapata wanne tu kati ya kumi, tena kwa kubahatisha. Daktari alifurahi kuliko siku ile ya korido. Kwenye andiko lililotoka mwaka huo, mtunza wanyama alishukuriwa, mstari mmoja. Fundi aliupigia mstari kwa kalamu nyekundu na kuwaonyesha wateja wake, akiongeza kwamba nadharia ilikuwa yake.

Dawa haijafika hospitali. Baada ya presha yalitokea mengine ya moyo, na Daktari bado anapambana nayo, na sasa mvi zimemtoka. Shangazi amestaafu. Nilimwuliza juzi kama haimuumi, miaka yote hiyo halafu hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepona.

Alikuwa anaanika nguo. "Na ambao hawakupewa ile ya kwanza?" aliniuliza. "Hao hawakupona?"

Akanipa shuka nishike upande mmoja tulikamue.