Walipima Sebuleni

Baba alifariki wiki ya tatu tangu yeye na Mama waje London kunitembelea kutoka Mombasa. Tukamzika, watu wakasoma hitima, wakarudi makazini, na Mama akaingia eda katika chumba changu cha kulala, miezi minne na siku kumi. Mimi nikahamia kwenye kochi la sebuleni. Fleti yangu iko chini kabisa ya jengo, karibu na Stratford, na chini yake hupita treni.

Nilikuwa nimeishi pale miaka tisa na treni zile nilishaacha kuzisikia. Mama alizisikia siku ya kwanza. Kwa desturi ya kwao kizuka, mjane aliye edani, hulala chini, kwa hiyo tulimtandikia godoro sakafuni, na huko ndiko mngurumo ulikokuwa. Haukuwa wa masikioni. Ulitoka ardhini, ukapanda kwenye zege, ukamwingia mbavuni, ukapotea, na baada ya dakika chache ukarudi. Usingizi wake wa siku zote ulikuwa ule wa baada ya Alfajiri, na saa hiyo hiyo ndipo treni zilipoanza kuandamana.

"Nikisinzia tu, yaja," aliniambia.

Kwetu nyumba ingejaa mashangazi na majirani, wakipokezana kukaa naye, na kwa porojo zao asingesikia hata radi. Hapa wanawake wetu wana zamu za hospitali na za kutunza wazee wa watu. Walikuja wawili watatu Jumapili, wakaacha vyakula kwenye friji. Siku nyingine alikuwa peke yake na ule mtetemo. Alikonda. Siku moja alirudia Adhuhuri mara tatu kwa kutojua amesali rakaa ngapi, halafu akaketi juu ya msala akalia.

Dada yangu anakaa Harrow, nyumba tulivu yenye bustani. "Mlete kwangu, bwana, spare room iko tupu!" alinifokea kwenye simu. Mama akakataa katakata. Eda hukaliwa nyumba ile mume alimomwacha mkewe. Nikampigia sheikh, naye akasema kama pana madhara ya kweli, ruhusa ya kuhama ipo. Nikamweleza Mama.

"Basi na yapimwe," akasema. "Wakisema yana madhara, n'takwenda. Lakini sitamvunjia babako haki yake kwa sababu ya usingizi wangu."

Nikaiandikia kampuni ya treni barua pepe, nikapiga simu, nikasubirishwa, nikagombana na watu wasiokuwa na kosa. Baada ya wiki tano akaja mpimaji, Mzungu wa makamo, mpole, na kisanduku cha vyombo mkononi. Alivua viatu bila kuambiwa. Nikampa chai ya tangawizi na mahamri, akala mawili, akasifu. Kisha akauliza mama analala chumba gani.

Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa, na Mama yuko ndani. Nikawaza: mwanamume wa nje aingie kwa kizuka, alione godoro lake, na yeye amejikunyata pembeni na kanga yake? Uso ulinipata moto. Nikaonyesha sakafu ya sebule.

"Hapa," nikasema.

Akaweka chombo chake pale, karibu na dirisha la barabarani, akakaa saa nzima akiandika. Na mimi, mjinga, nilikuwa najisifu moyoni kwamba nimemsitiri mamangu.

Barua ya majibu ilisema mtetemo upo, lakini ni mdogo, chini ya kiwango cha kuwasumbua wakaazi. Nilimsomea nikitafsiri. Mama aliukunja na kuukunjua upindo wa kanga.

"Basi ni mimi," akasema. "Ni kichwa changu."

Pale pale ningesema. Nilijiambia nyumba ni moja, sebule na chumba vina tofauti gani. Kwa kweli niliona aibu, na kila siku iliyopita iliiongeza. Tangu hapo hakulalamika tena. Nikimuuliza amelalaje, alijibu vizuri, alhamdulillah, na macho yake mekundu. Siku moja nilimsikia kwenye simu akimwambia dadake wa Mombasa kwamba tangu afiwe amerukwa na akili, anasikia vitu visivyokuwepo, na kwamba amewasumbua watoto bure. Nilisimama ukumbini na vyombo vyangu vya chakula, nikajichukia, nikaenda kazini.

Eda ilipoisha, dada alimkogesha, akamvisha nguo mpya, akamfukiza udi, tukampeleka Harrow. Alilala baada ya Isha, akaamka kusali, akalala tena mpaka saa tano asubuhi. Nilimkuta mezani na kikombe cha chai, amekaa kama mgonjwa aliyepona homa, anashangaa mwili wake. Sikuweza kuvumilia zaidi. Nikamwambia yote, mpimaji alivyouliza na nilivyomjibu.

"Kwa hivyo hakupima chumbani?" aliuliza polepole.

"Hakupima, Mama. Ulikuwa ndani. Niliona haya."

Hakukasirika, na laiti angekasirika.

"Ungen'uliza, mwanangu," akasema. "Ningekaa jikoni."