Jiko la Athanas Lililowaka Upande Mmoja

Enzi zile za ruksa, pale Mji Mpya, Morogoro, kila mtu alikuwa na kitu cha ng'ambo. Huyu redio, yule koti la mtumba la kuvaliwa kwenye barafu, analivaa jua la saa nane. Athanas akawapiga bao wote. Alipata jiko la gesi la kuchomea nyama, la mzungu wa mradi wa mpunga wa Dakawa aliyekuwa anarudi kwao. Akalisimamisha uani mwa baa alikokuwa anachoma nyama, linang'aa kama jeneza la tajiri. Alivyotamba nalo, wateja wengine walihama meza ili wale kwa amani.

Asichotangaza ni kwamba jiko lile alilitafuta kwa ajili ya mkewe. Yuliana alikuwa kwao Matombo, huko nyuma ya milima, kwenye shamba la ukoo wa mama yake. Kwa Waluguru ardhi inafuata mama, mwanamume ndiye anahamia kwa mke. Athanas alihamia, akalima, jembe likamshinda, akashuka mjini. Yuliana akabaki na migomba na binti yao Prisca. Waliagana kwa neno moja: siku Athanas atakapopata kazi ya kulisha nyumba, Yuliana atashuka waishi wote. Tangu hapo jamaa kila jioni anaitazama milima ya Uluguru kama mtu anayetazama mlango uliofungwa kwa ndani.

Pasaka ilipopita, dereva wa lori la ndizi akaleta salamu: Jumamosi Yuliana anakuja kuiona hiyo kazi.

Na jiko nalo likachagua wiki hiyohiyo kuwaka nusu. Kushoto moto unanguruma, kulia unachechemea kama kibatari kilichokauka mafuta. Mishikaki ya kushoto mkaa, ya kulia inatoa damu. Mteja mmoja akauliza kwa upole kama huyu ni ng'ombe mmoja au wawili.

Athanas akafanya alichozoea kwenye mkaa tangu utotoni. Akachukua pepeo, akapepea. Ule moto wa kulia ukazimika kabisa. Akawasha, akapepea kwa nguvu zaidi.

Hidaya, muuza chapati wa jirani, akashindwa kuvumilia. "Kaka Athanas, hiyo gesi unaipepea ya nini? Ina homa?"

Akajibu kwamba mambo ya kisasa amwachie mwenyewe. Lakini pepeo akaliweka chini.

Akasingizia mtungi. Akaazima mwingine, kulia kukabaki vilevile. Akapaka povu la sabuni kwenye mpira na maungio, hakikutokea hata kiputo, maana yake gesi haivuji. Hapo akili ikamkaa. Mtungi ni mmoja, kushoto kunawaka vizuri, basi gesi inafika. Inakwama humo ndani, upande wa kulia. Akafunga mtungi, akasubiri chuma kipoe, akachomoa lile bomba la vitundu, akasukuma spoku ya baiskeli.

Likatoka dongo kavu. Ndani yake vibuibui vimepangwa kama samaki kapuni. Nyumba ya nyigu. Kwaresima nzima Athanas alikuwa amelifunika jiko, hauzi nyama, anajinyima kama Mkatoliki mwema. Nyigu jike akaona bomba, akajenga, akaweka watoto na akiba yao ya buibui.

Athanas akalishika lile dongo kiganjani, akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka. Huyu kahamia mjini bila hata kubembelezwa.

Jumamosi moto ukawaka sawasawa pande zote. Yuliana akafika na kikapu cha ndizi, vumbi mpaka kwenye kope. Athanas akamchomea nyama na ndizi zilezile alizoleta, anazunguka, anaeleza bomba, spoku, sabuni. Yuliana akala taratibu mpaka akamaliza.

"Umefanya kazi, Baba Prisca. Hii inalisha nyumba."

Athanas akasema chumba kipo tayari, kitanda amekitandika.

"Mjomba, mgawa ardhi ya ukoo, amenikabidhi shamba la mama," akasema Yuliana. "Mama hawezi tena. Nikishuka, anapewa mwingine, na Prisca atakosa pa kusimama. Nilitaka nikwambie mwenyewe, sio kwa mdomo wa dereva."

"Kwa hiyo huhamii."

"Sihamii."

Athanas akaanza kufuta jiko lililokuwa safi tayari. Baadaye Yuliana akamwambia mvua za vuli zikianza aje milimani, japo kwa kupanda mbegu tu. Akasema atakuja. Wote wawili walijua kwamba Jumamosi, siku ya wateja wengi, hana wa kumwachia nyama.

Lori lilipoondoka akatembea ubavuni mwake, aproni kiunoni, mpaka njia ya kwenda Bigwa ilipoanza kufunguka. Yuliana kakaa juu ya vikapu vitupu. Athanas akampigia kelele dereva akwepe mashimo, kwani hajui amembeba nani.

"Huyo ana shamba lake," akasema. "Shamba zima. Nenda naye polepole."