Redio ya Dirishani

Temeke nzima, ukitaka sherehe ya kike ichangamke, unamwita Bi Chausiku. Mama wa watu ana miaka sabini, goti moja halikunji, lakini mpe kipaza sauti uone. Hapigi makelele kama hawa washereheshaji wa siku hizi wanaowafokea wageni utadhani wamekuja kukamatwa. Anasema taratibu, kila neno na pumzi yake. Akitamka, "Mabibi wenzangu, tukae vizuri, bibi harusi wetu anaingia," hata wewe uliyesimama kwa ukaidi unajikuta umekaa.

Watu humuuliza, sauti hii umeipata wapi? Jibu lake ni moja miaka yote: "Nilifundishwa na Tahera." Tahera nani? Mke wa Mohamedjaffer mwenye duka, jirani yetu wa zamani. Basi mashoga zake wanapigana vikumbo kwa kicheko, wanaona ni masihara ya mtu mzima. Wallahi si masihara, na ngoja niwape kisa chenyewe, maana mambo ya juzi kule Mbezi Beach hayaeleweki bila hicho.

Chausiku alikuwa darasa la tano alipovunja ungo. Kwa Wazaramo wa enzi zile maana yake ilikuwa moja: shule basi, rede basi, jua basi. Akatiwa ndani, akawa mwali. Chumba cha nyuma, kidirisha cha mbao kinachotazama uani, na somo wake wa kumfunda, Bi Siwema, bibi mwenye vidole vyepesi vya kufinya. Mwali hatoki, haonwi, hapazi sauti. Akiwa na haja, anagonga mlango. Wiki zikawa miezi, na atatoka lini hakujua, kwa sababu hilo si swali la mwali kuuliza.

Mila ni mila, ina heshima yake, sikatai. Lakini mtoto wa darasa la tano peke yake chumbani, jamani! Alizitazama fito za darini mpaka akazipa majina. Alikuwa mtoto wa maneno mengi tangu kuzaliwa, na sasa maneno yamekosa pa kwenda.

Nyuma ya ukuta wa uani ndiko ilikokuwa nyumba ya Mohamedjaffer, duka likiwa mbele. Alikuwa kijana, ameoa karibuni, na mkewe ndiye huyo Tahera. Jioni moja, magharibi imeshaadhiniwa, dirisha la jirani likafunguka. Ukatoka mkono wenye bangili za kioo, ukaweka redio kizingitini, uso wa redio umeelekezwa huku. Mkono ukazungusha kitufe. Chausiku, aliyekuwa akichungulia kidirishani, akasikia sauti ya mwanamume ikisema, "Hamjambo wasikilizaji." Mtoto wa watu akaitikia kimoyomoyo, "Hatujambo, baba."

Tangu hapo kila jioni ikawa na mwenyewe. Taarifa ya habari kwanza, na majina ya miji ambayo hakuwahi kuiota. Kisha salamu: mtu wa Nachingwea anamsalimu shemeji yake Tabora, yeye na wote wanaomfahamu, na salamu zimfikie popote alipo. Kisha taarabu, kisha muziki wa dansi, tarumbeta zinalia mpaka kidirisha kinatetemeka. Na siku za mchezo wa redio, usiseme! Palikuwa na mlevi mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani na kugonga mlango wa jirani, halafu anamgombeza mwenye nyumba kwa kukaa nyumbani kwake. Chausiku alikuwa akiuma ncha ya kanga asicheke kwa sauti.

Siku zikienda, akaanza kuwaiga. Jinsi mtangazaji anavyovuta pumzi kabla ya jina refu, jinsi anavyoshusha sauti akitaja msiba, jinsi anavyotabasamu kwa mdomo usioonekana. Akajisemea chinichini, kajifunika kanga gubigubi. Bi Siwema akamwambia mama mtu, "Mwanao mcha Mungu huyu, hachoki kuomba dua."

Halafu jioni moja dirisha halikufunguka. Kesho yake kimya. Wiki nzima kimya. Sauti za watu zinasikika, bangili zinasikika zikigongana kwenye vyombo, lakini redio hakuna. Chausiku akajiuliza amekosa nini. Pengine Tahera amemsikia akicheka, akachukia. Pengine ameambiwa mwali hastahili starehe. Mwisho akasusa. Uji hataki, wali hataki, akiulizwa ana nini, anageukia ukutani.

Mama yake akachanganyikiwa, akaita mganga. Mganga akanusa chumba, akafumba macho, akatangaza: mtoto ana pepo, tena pepo wa Kihindi, anataka udi na halua. Ikaletwa halua. Chausiku kwa kweli aliila ile halua, si kwa pepo, kwa utamu. Lakini chakula kingine aligusa tu, na mwili ukazidi kupukutika.

Kumbe mwezi wa Muharram ulikuwa umeingia! Kina Mohamedjaffer ni Mashia, na wao wakishaanza kuomboleza ya Karbala, muziki hausikiki nyumbani mwao mpaka miezi miwili na ushei ipite. Nani angemweleza mwali? Sie Temeke tuliishi na watu hao ukuta kwa ukuta, tunanunua kwao chumvi na mafuta ya taa, na hatukujua hata siku zao za huzuni. Maombolezo yakaisha, redio ikarudi kizingitini, na jioni hiyohiyo Chausiku akaomba wali na samaki. Mganga akatamba mtaani mwaka mzima.

Alipotolewa nje, alitolewa kwa ngoma na vigelegele, akapitishwa mbele ya duka lile lile. Lakini mwali anayetolewa anafunikwa, anatazama chini, hasemi na mtu. Aliona miguu ya watu tu. Hazikupita siku nyingi akaolewa Kisarawe. Aliporudi Temeke, ameachika, ana mtoto mgongoni, duka limefungwa na wenyewe wamehama. Wengine wakasema wako mjini, wengine wakasema Ulaya.

Sasa mwanamke ameachika, hana elimu, atakula nini? Ilikuwa kwenye harusi ya binamu yake, msemaji hakutokea, watu wananung'unika, Chausiku akasimama. Akavuta pumzi kama mtangazaji. "Hamjambo wageni wetu waalikwa." Ukumbi ukatulia. Kuanzia siku hiyo hakukaa tena. Sauti ile ndiyo iliyomsomesha Fakihi, mwanawe wa pekee, hadi akawa fundi wa viyoyozi. Sauti ile ndiyo iliyoezeka nyumba.

Jambo moja tu lilimkera. Amewashukuru wote waliomtendea mema, hai kwa kuwatembelea, wafu kwa kuwasomea dua. Tahera peke yake hakushukuriwa. Kila akipewa kipaza sauti aliuona ule mkono wa bangili. "Fadhila ya punda ni mateke," alikuwa akisema, "na mie si punda. Nikifa kabla sijamwona yule mama nitakwenda kujibu nini?"

Hayawi hayawi, yakawa. Mwezi uliopita Fakihi alikwenda kutengeneza kiyoyozi Mbezi Beach, kwa mama mmoja anaitwa Masuma. Ndani kuna bibi mzee, shangazi yake Masuma, anapenda mazungumzo. Akamuuliza fundi anatokea wapi. Temeke. "Hata mie nimekaa Temeke," bibi akasema, "mume wangu alikuwa na duka, Mohamedjaffer." Fakihi aliacha bisibisi mezani, akatoka nje kupiga simu. "Mama, kaa chini kwanza," alianza, na mama yake akamjibu, "Sikai, sema!"

Juzi jioni akampeleka. Bi Chausiku alivaa doti mpya ya kanga, akapaka wanja, na njia nzima midomo ilikuwa ikimcheza, anapanga maneno. Mwanamke aliyesema mbele ya maelfu ya watu akawa anayapanga na kuyapangua.

Masuma aliwakaribisha vizuri, akaleta chai ya maziwa na kachori. Bi Tahera alikuwa kitini, mdogo kuliko sauti yake, mkono wake umekauka na hauna bangili hata moja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Naambiwa umetoka Temeke. Mtaa wetu ule ule?"

"Ukuta kwa ukuta, dada. Mie yule mwali wa nyumba ya nyuma. Ulikuwa ukiniwekea redio dirishani, ukinigeuzia nisikilize. Maneno niliyoyapata pale ndiyo nimeyala mpaka leo. Nimekuja kukwambia ahsante."

Bi Tahera akakirudisha kikombe kwenye kisahani.

"Mwanangu, utu uzima huu siwezi kukudanganya. Mie sikujua kama upo." Alisema polepole, kwa huruma. "Mama mkwe wangu hakutaka muziki ndani. Mume wangu naye, dansi ilikuwa roho yake. Tukagombana nyumba nzima. Mwisho mama mkwe akasema, haya, hayo makelele yenu yageuzieni nje. Nikayageuza nje. Nje ndiko kulikokuwa kwenu."

Bi Chausiku aliona aibu, akaona na uchungu, kama mtu aliyengoja jina lake lisomwe sherehe nzima, halafu wageni wanaanza kutoka. Kumbe miaka yote wa kushukuriwa alikuwa mama mkwe asiyependa tarumbeta! Fakihi alikohoa, akatazama viatu vyake.

"Nimekuvunja moyo," Bi Tahera akasema. "Nisamehe. Laiti ningekuwa nimekukusudia. Mungu hakunijaalia mtoto, na mwenzangu kanitangulia. Nikikaa hapa najiuliza, ujana wangu wote Temeke nilifanya nini? Naona nilipima sukari tu."

Hapo ndipo Bi Chausiku alipopandisha. Nyie hamumjui akipandisha!

"Ulipima sukari? Fakihi, njoo hapa, simama! Dada, mtazame huyu. Huyu kasomeshwa kwa redio yako. Watoto wake watatu wamesomeshwa kwa redio yako. Nyumba ninayolala, redio yako! Mie sikuja kukuuliza ulikusudia nini. Kukusudia ni kazi ya Mola. Mkono ulikuwa wako, na mkono niliuona kwa macho yangu, nao ndio nimeufuata."

Akaushika ule mkono, akaupa busu. Kisha, kwa kuwa machozi yanamtia hasira, akaanza kusimulia kisa cha Muharram na mganga wake. Bi Tahera alicheka hadi Masuma akakimbilia maji.

"Halua! Kwa sababu yetu wakakupa halua?"

"Na udi juu, dada. Nimefukizwa kama nguo ya Idi."

"Basi tusikilizishe," bibi akasema akijifuta macho. "Walikuwa wakisemaje? Mie nimesahau yote."

Masuma akazima televisheni. Bi Chausiku akasimama katikati ya sebule, goti bovu na yote, akavuta pumzi, na jioni ya zamani ikaanza upya. Akasoma habari. Akasoma salamu za Nachingwea kwenda Tabora. Akapiga tarumbeta kwa mashavu, na msichana wa kazi akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi. Akaingia kwenye mchezo wa mlevi, akagonga meza, akafoka, "Fungua! Wewe nani unayelala kwangu?" Na kabla hajafika penye mzaha, akaachia kicheko kingine, cha mtu mwingine, kifupi, cha kupanda juu, kisha akaendelea.

Bi Tahera alinyanyuka nusu kitini. "Hicho kicheko cha nani?"

"Cha mumeo, dada. Si ndivyo alivyokuwa akicheka? Daima kabla ya wenzake. Mzaha haujafika, yeye keshacheka. Mie nilikuwa nikimsikia, nasema yule kaka leo tena kaharibu."

"Ndiye," Bi Tahera akasema. "Ndiye huyo. Nilikuwa nikimfinya, ngoja kwanza, ngoja wamalize!" Akafunika uso kwa mikono yote miwili. "Picha zake ninazo. Kicheko nilikipoteza. Nimekitafuta usiku, hakiji. Nilidhani hakuna mtu duniani anayekijua. Rudia. Nakuomba, mdogo wangu, rudia."

Bi Chausiku akarudia. Akarudia tena, polepole, na Bi Tahera akawa anacheka naye na kulia naye, sisemi uwongo, hata Fakihi mwanaume mzima aligeukia kiyoyozi chake akajifanya anakikagua.

Walipotulia, chai imeshapoa, Bi Tahera akamwita mpwa wake.

"Masuma, nisikilize vizuri. Siku yangu ikifika, huyu apigiwe simu kabla ya watu wote. Na asije akawekwa na wageni. Akae ndani nanyi, na wenye msiba."

Bi Chausiku akajifuta wanja kwa ncha ya kanga mpya.

"Nitakuja," akasema. "Lakini usinifanyie haraka, dada. Ndiyo kwanza nimeanza kushukuru."