Siku Nilipomjibia Mdogo Wangu

Nina hasira na kampuni ile kubwa mpaka leo, na sitaki mtu aje kuniambia nisamehe. Lakini nikisimulia kwa haki, lazima nianze na yule dada mwenye boti moja, ambaye nilimfokea bure.

Mdogo wangu alikuja likizo Mwanza kutoka Dodoma. Ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mwalimu, na alikuja na hamu moja tu: kuzamia ziwani akiwa na mtungi wa hewa mgongoni, awaone furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi, kwenye mawe ya chini. Tangu utoto ana pumu. Si kali, lakini ipo, na kwetu Nansio, kisiwani Ukerewe, haikusemwa mbele ya watu. Mama aliamini kwamba msichana mwenye kifua hapati mchumba. Kwa hiyo mgeni akiuliza, mimi kaka mkubwa ndiye niliyejibu: mzima kabisa. Nilijibu hivyo shuleni, nikajibu kanisani, nikajibu hata siku waliyokuja kumposa.

Yule dada alikuwa na boti moja na mitungi minne, na alichukua watu wawili tu kwa safari. Alituamkia vizuri, akatuketisha kwenye benchi, akaanza maswali. Masikio yanauma? Moyo je? Kisha akasema kwamba kabla ya kutuvalisha mitungi alitaka atuone tukiogelea mpaka kwenye boya na kurudi.

"Binti, mimi nimezaliwa Ukerewe," nikamwambia. "Unanipima kuogelea?"

"Nampima kila mtu, kaka. Hata baba yangu nilimpima." Akamgeukia mdogo wangu. "Dada, kifua huwa kinakusumbua?"

Mdogo wangu alifungua mdomo.

"Hana shida yoyote," nikasema.

"Samahani kaka, nimemuuliza yeye."

Damu ilinichemka. Nilimwambia kwa ujuaji huo hatapata wateja, nikamshika mdogo wangu mkono tukaondoka. Njiani akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, labda tungemwambia tu." Nikamwambia aache utoto.

Kampuni kubwa haikuuliza kitu. Ilitupa soda baridi, fulana zenye jina lake, muziki wa kupasua masikio na fomu ya kurasa mbili. Niliijaza yangu, nikajaza na ya mdogo wangu, hapana, hapana, hapana mpaka chini, naye akatia sahihi pale kidole changu kilipoonyesha. Kijana wa mapokezi hakuitupia hata jicho. Aliisukumia kwenye boksi, akatuambia tupige picha. Tulikuwa wazamiaji kumi na mmoja kwa kiongozi mmoja, katika maji ambayo ukinyoosha mkono huoni vidole vyako vizuri! Nilipomuuliza atatuangaliaje wote, alicheka.

"Tulia mzee, tunafanya hivi kila siku."

Nikatulia, mjinga mimi. Kule chini kulikuwa na ubaridi na ukijani, na ile hewa ya mtungi ilikuwa kavu, inakwaruza koo. Niliwaona furu wawili wakiingia kwenye ufa wa jiwe, nikageuka nimwonyeshe mdogo wangu. Hayupo.

Nilimkuta juu, ameng'ang'ania ubavu wa boti, miwani ameing'oa, midomo imebadilika rangi. Kila pumzi ilitoka na mluzi. Mwendesha boti alikuwa anachezea simu. Tulimvuta ndani, nikamwambia awashe injini twende. Akasema hawezi kuwaacha watu chini, na hapo sina la kumlaumu. Dawa ya kuvuta ya mdogo wangu ilikuwa ufukweni, kwenye mkoba, kwa sababu nilimkataza kuitoa mbele za watu. Basi tukakaa. Nilimshika mabega, nikamhesabia pumzi, huku nikilitukana ziwa zima.

Kiongozi aliibuka mwisho kabisa, wala hakuwa anajua kwamba amepoteza watu wawili. Nilimrukia. Akajitetea kwa maneno machache:

"Mzee, fomu yake inasema ni mzima."

Fomu haikuwa imesomwa na mtu yeyote, hilo nitalisema mpaka nazikwa. Wangeisoma wasingeona kitu. Mwandiko ulikuwa wangu.

Ufukweni alivuta dawa ikamsaidia kidogo, nikampeleka hospitali. Walimwekea hewa, na baada ya muda rangi ikarudi. Mimi nilikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, nikipanga kichwani maneno ya kwenda kuwaambia wale wenye fulana, makali kweli kweli. Daktari akaingia na faili, akavuta stuli, akamuuliza mdogo wangu kama ana pumu.

Mwanamke mzima, mke wa mtu, mwalimu wa watoto wa watu, aliishusha ile barakoa ya hewa kutoka mdomoni akanitazama mimi, akisubiri niseme.

Nilisimama, nikatoka nje, nikaufunga mlango ili ajibu mwenyewe.