Elfu Kumi na Saba

Kila ninapopita mahali korosho zinachomwa, moshi wake mkali hunirudisha Kisarawe, kwenye ukumbi wa shule ulionukia moshi huohuo, siku ambayo neno moja nusura linishinde kulitamka mbele za watu.

Mimi ni wa Gwata, Kibaha vijijini. Nimelelewa na shangazi Mwanaidi, dada yake baba, pamoja na wadogo zangu. Yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Kisimani kuna waliomwita tasa, wala hawakujisumbua kushusha sauti. Nililichukia neno hilo kuliko bakora.

Sasa fikirini nilivyojisikia mwalimu wetu alipoandika ubaoni: namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Darasa zima likanigeukia. Niliwashinda wote kwa kuzitambua namba hizo, lakini jina lake niliishia kuliandika tu, kulitamka sikutaka.

Ndipo nikachaguliwa kwenda kushindana na wanafunzi wa Kisarawe. Shangazi akavaa khanga mpya, akanisindikiza. Tulikwenda sare mpaka swali la mwisho. Msomaji wa maswali akauliza: elfu kumi na saba ni namba tasa, au si tasa?

Msichana wa Kisarawe alisimama papo hapo akasema si tasa, mbona ina sifuri mwishoni. Wenzake wakaanza kumpigia makofi, msomaji akawazuia kwa mkono, akataka kwanza jibu langu. Mnajua Kiswahili chetu kinavyotega hapo: yeye alisikia kumi na saba elfu. Mimi niliandika kumi elfu, nikaongeza saba. Nikaigawa kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, nikaendelea na tasa zote mpaka tisini na saba, na kila mara kitu kilibaki. Zaidi ya hapo hakuna haja, maana mia moja na moja mara yenyewe tayari inaizidi.

Jibu nilikuwa nalo. Lakini shangazi alikuwa amekaa mstari wa mbele. Nikinyamaza, tumeshindwa. Nikisema, nimelitamka neno lile kwa kinywa changu mbele yake.

Akaniona ninavyohangaika. "Sema, mwanangu," aliniambia. "Mimi nimeshalizoea."

"Ni tasa," nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka nje.

Tukashinda. Njiani aliniuliza maana yake, nikamwambia ni namba iliyokataa kugawanywa. Alicheka sana, akasema kumbe miaka yote walikuwa wanamsifu. Nilijivuna kutembea naye.

Lakini nusu ya habari sikuijua mpaka nilipofika chuoni. Kila namba nzima inayozidi moja, kama yenyewe si tasa, imepatikana kwa kuzidisha tasa. Zifute hizo, utabaki na moja peke yake. Tulizoziita tasa ndizo zilizozaa nyingine zote. Jioni hiyo nilimpigia simu shangazi, na kwa mara ya kwanza nikamwita mama.